Nyanya zinanyauka zikiwa kijani kabisa, kinyungu kinaisha. Tusaidiane kutofautisha hii minyauko (Ilula, Iringa)

Mnyalukolo_Ilula

Kamwene wakuu,

Nina kinyungu (bustani ya bondeni) cha nyanya huku Ilula, natumia maji ya mfereji tunaochangia na majirani. Miche imeshafungwa kamba na vichane vya kwanza vina matunda ya ukubwa wa limao. Ndiyo wakati mtu anaanza kuulizia bei ya matenga, na mimi ndiyo balaa limeanza.

Mche unaamka asubuhi mzima. Saa saba mchana umelala. Jioni unajikongoja kidogo, kesho yake unalala tena, halafu haunyanyuki. Majani hayana madoa, si njano, hayana ile mistari ya kantangaze (yule kiwavi anayetoboa majani ya nyanya). Yananing'inia tu yakiwa kijani, mithili ya mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Udongo chini umelowa, kwa hiyo si kiu.

Limeanzia pale mfereji unapoingilia shambani, sasa linashuka kufuata mistari ya maji. Duka moja la pembejeo waliniambia ni ukungu, wakanipa dawa ya unga. Nimepiga, nimerudia, wapi.

Jirani yangu wa juu naye zake zinakufa, ila zake zinaanza na njano ya majani ya chini, tena upande mmoja wa mche. Anasema ugonjwa ni uleule. Mimi nina mashaka. Wajuzi karibuni.

---

Mzushi_wa_Mafinga

Umepigwa jicho mkuu. Nyanya zilipendeza mno.

---

AgroFasta

Njoo inbox, kuna dawa ya kunyweshea kwenye shina, inaua bakteria, kuvu na minyoo kwa pamoja. Lita moja unamaliza ekari.

---

BwanaShamba_Mstaafu

Mnyalukolo, kabla hujatoa shilingi nyingine, tafuta glasi.

Chagua mche ulioanza kulegea leo, usichukue uliokwisha kukauka. Kata shina karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, kioshe udongo. Jaza maji safi kwenye glasi inayoangaza. Kipitishie kile kipande pini au mwiba juu, ukilaze kwenye mdomo wa glasi ili kining'inie, ncha ya chini iingie kwenye maji kidogo tu. Usitikise. Weka kitu cheusi nyuma yake, hata kitambaa, kisha tulia uangalie.

Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe mwembamba unatoka kwenye ncha na kushuka wima mpaka chini. Mara nyingine nyuzi mbili tatu. Ukiacha muda, maji yote yanakuwa ya maziwamaziwa. Kama ni kuvu, maji yanabaki safi hata ukikaa mpaka magharibi.

Ukimaliza hapo, pasua shina jingine kwa urefu kuanzia mizizini. Mnyauko fusari, ambao ni wa kuvu, unakuonyesha rangi ya kahawia iliyokolea chini tu ya gome, imepanda mpaka juu, huku moyo wa shina ukiwa bado mweupe na mkavu. Mnyauko bakteria nao una kahawia, ila moyo unaanza kulainika na kujaa majimaji. Wa tatu ni mnyauko vetisili, nao wa kuvu: unapenda ubaridi, unashika majani ya chini kwa njano yenye umbo la V kutoka ukingoni kuingia ndani, na kahawia yake huwa hafifu, haipandi sana. Ilula unaweza kuukuta, lakini ningeutafuta zaidi huko Dabaga au Njombe. Fusari anachangamka udongo ukifika joto la nyuzi 28 hivi, vetisili anapenda 20 hadi 25.

Kwa maelezo yako (kijani, ghafla, kufuata maji) nadhani wewe una bakteria na jirani yako ana fusari. Lakini usiniamini mimi, iamini glasi. Fanyeni wote wawili, kila mmoja na glasi yake.

Na AgroFasta, hiyo dawa moja inayoua bakteria, kuvu na minyoo, ukinitajia kiambato chake hapa hadharani nitafurahi.

---

Mnyalukolo_Ilula

Shikamoo mzee. Kesho asubuhi nafanya, nitaleta majibu hapahapa. Ila nisaidie kuelewa: kama udongo umelowa, mche unakufaje kwa kukosa maji?

---

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba.

Huyo bakteria jina lake la kitaalamu ni *Ralstonia solanacearum*. Anakaa kwenye udongo na maji. Anaingilia kwenye vidonda vya mizizi: pale jembe lilipopita, pale minyoo fundo (minyoo midogo inayotia mizizi vifundo) ilipotoboa, au hata pale mzizi mchanga unapochipuka wenyewe. Akishaingia anakwenda kwenye mirija inayopandisha maji, anazaliana humo na kutoa utelezi. Mirija inaziba. Mzizi uko kwenye maji na jani halipati kitu. Ule uzi mweupe wa kwenye glasi ndio huo utelezi, na ndani yake bakteria wenyewe kwa mamilioni.

Ndiyo maana dawa ya kupiga juu ya majani haimfikii. Mankozebu inakaa juu ya jani kuzuia ukungu, na huyu si ukungu wala hayuko juu ya jani. Dawa za kopa (shaba) vivyo hivyo. Ugonjwa huu ulielezwa na Mmarekani Erwin Smith mwaka 1896, na mpaka leo hakuna dawa unayoweza kumpa mche uliokwisha kunyauka ukapona.

---

AgroFasta

Mzee mnatuharibia soko bila kujaribu bidhaa.

---

Dada_Makambako

Kiambato umeulizwa, hujajibu.

---

Mama_Umalila

Habari za jioni wanangu. Mimi ni wa viazi, sijui sana nyanya, lakini huyu mnayemsema namfahamu vizuri. Ni yuleyule. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili, ngogwe (nyanya chungu), tumbaku, wote anawala.

Kwenye viazi utaona tawi moja la shina limelala na mengine yamesimama. Ukichimba, angalia macho ya kiazi: udongo umegandia hapo na hautoki vizuri hata ukifuta na kidole, kwa sababu kuna ute unatoka machoni. Kata kiazi katikati, utaona pete ya kahawia karibu na ganda. Kibonyeze pembeni. Maziwa mazito yakichuruzika kwenye ile pete, basi usiulize tena.

Ninachotaka kusema hasa ni habari ya mbegu. Huku kwetu juu kuna baridi, na kiazi kinaweza kumbeba huyu mdudu bila kunyauka. Shamba linapendeza, viazi vinavunwa vizuri, mtu anachagua vile vidogo anauza mbegu. Wewe unavishusha sehemu ya joto, mvua inakolea, vyote vinalala. Unaanza kulaumu udongo wako, wakati ugonjwa ulikuja ndani ya gunia.

---

Kijana_Mbozi

Mama hapo umenigusa. Nilinunua mbegu kutoka milimani, nzuri hazina hata doa, nikazipanda huku chini. Robo tatu ya shamba ililala. Aliyeniuzia akaapa kwamba kwake hakuna hata shina moja lililonyauka.

---

Mama_Umalila

Na huenda alikuambia kweli mwanangu. Kwake hakuliona.

Ndiyo maana mimi mbegu sichagui kwenye lundo. Viazi vikiwa vimechanua napita shambani na vijiti. Shina lenye afya, lenye matawi mengi, majani hayajajikunja, nachomeka kijiti. Napita tena baadaye kabla ya kukauka, kijiti chenye shina lililobadilika nang'oa. Siku ya kuvuna vyenye vijiti vinachimbwa kwanza, peke yake, na mbegu inatoka humo. Lakini shamba likiwa na hata mashina machache ya mnyauko, hakuna mbegu hapo. Unauza vya kula, basi. Mbegu unakwenda kuulizia Uyole pale TARI, kwa watafiti wa kilimo, au kwa wazalishaji wanaokaguliwa na TOSCI, wale wathibitishaji wa ubora wa mbegu, hata za daraja la ubora wa kuazimiwa (QDS) si mbaya. Bei inauma, ndiyo.

Na msikate kiazi vipande vipande kwa kisu kimoja ili mbegu iongezeke. Kisu kikipita kwenye kimoja kibovu kinawapa wote.

---

Ngosha_Bariadi

Wakuu, naingilia kutoka Kanda ya Ziwa. Sisi huku mnyauko tunaujua kwa pamba, na wetu ni fusari.

Mche mdogo utaona yale majani mawili ya kwanza yanapata njano pembeni, yanakuwa kahawia, yanadondoka. Mkubwa unadumaa, majani ya chini yanageuka njano kati ya mishipa, unapukutika. Ukikata shina kwa kulala unaona pete ya kahawia imezunguka. Na mara nyingi ukiung'oa mzizi una vifundo. Hao minyoo fundo wanafungua mlango, fusari anaingia. Penye mchanga na udongo wenye tindikali ndiyo vinapatana zaidi.

Hakuna anayepiga dawa ya mnyauko kwenye pamba. Tegemeo ni aina ya mbegu. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru wamekuwa wakizalisha mbegu zinazostahimili mnyauko miaka mingi, hizi za UK, zikiwemo UK91 na UKM08. Tena fusari huyu anasafiri na mbegu, kwa hiyo ukichukua mbegu ya magendo kutoka kiwandani au kwa rafiki wa wilaya nyingine unaweza kuwa umebeba na ugonjwa. Mwisho wa msimu masalia yanang'olewa na kuchomwa.

Swali kwa mzee: fusari wa pamba yangu anaweza kuhamia nyanya nikizipanda hapo?

---

BwanaShamba_Mstaafu

Karibu Ngosha, umeeleza vizuri.

Hapana. Fusari wana koo zao. Wa pamba anashambulia pamba, na wengine wa ukoo huo wanagusa bamia. Wa nyanya ni wa nyanya. Wa migomba ni wa migomba. Ukipanda nyanya penye fusari wa pamba hazitaugua kwa ajili ya huyo. Bahati mbaya vetisili hana ubaguzi huo. Pamba, nyanya, viazi, bilinganya, bamia, alizeti, wote ni chakula chake.

Hapo kwenye alizeti naomba wa Iringa wanisikilize, maana kila mtu akiambiwa abadilishe zao anakimbilia alizeti. Kama tatizo lako ni vetisili, alizeti inamlisha. Weka mahindi, ngano au ulezi.

---

Chunya_Boy

Kwani pamba huku kwetu Mbeya haikubali? Nina eneo Chunya, joto lipo, nataka kujaribu hizo UK91.

---

BwanaShamba_Mstaafu

Joto lipo, lakini subiri kijana. Ukanda wa kusini umewekewa karantini ya pamba kwa miongo mingi, na sababu yake si mnyauko, ni funza mwekundu aliyeko upande wa Msumbiji, Malawi na Zambia. Nia ni kuacha eneo lisilo na pamba ili asipate daraja la kupandia kwenda Kanda ya Ziwa. Usinunue mbegu wala kumwomba Ngosha akutumie. Nenda ofisi ya kilimo ya wilaya au uwaulize Bodi ya Pamba kata yako iko upande gani wa mstari.

---

Ngosha_Bariadi

Situmi mzee, wasije wakanitafuta.

---

Mnyalukolo_Ilula

Wakuu, majibu.

Yangu: hata sijamaliza kuita watu, uzi umeshuka. Mweupe, mwembamba, unajisokota kidogo ukifika chini. Nikaweka kipande cha pili kutoka mstari mwingine, vilevile. Mke wangu amesema glasi ile nisiirudishe kabatini.

Ya jirani: tumekaa, tumekunywa chai, maji yako safi. Tumepasua shina, kahawia imepanda chini ya gome mpaka kwenye matawi, moyo mweupe. Kwa hiyo mzee ulilenga. Ila jirani amekasirika sana, anasema mbegu zake ni F1, pakiti imeandikwa F1, na aliambiwa F1 maana yake inahimili fusari.

---

Dada_Makambako

Hapo watu wanapigwa kila siku! F1 ni kizazi cha kwanza cha chotara, baba na mama tofauti, basi. Haihusiani na ugonjwa wowote. Ustahimilivu unaandikwa kwingine kwenye pakiti, kwa herufi: V ya vetisili, F ya fusari, N ya minyoo fundo. Siku hizi wengi wanaandika Fol na namba pembeni, kwa sababu fusari wa nyanya wako wa aina tatu, na mbegu inayohimili ya kwanza na ya pili inaweza kulala kwa ya tatu. Mimi nauza pembejeo, na nawaambia wateja wasome nyuma ya pakiti, wasisome picha ya nyanya nyekundu.

Kwa bakteria hizo herufi V, F na N hazikusaidii kitu.

---

Kijana_Mbozi

Dada nakuelewa, ila nyuma ya pakiti kumeandikwa kwa maandishi ya sisimizi.

---

BwanaShamba_Mstaafu

Mnyalukolo, sasa tufanye kazi.

Miche iliyolala ng'oa pamoja na mizizi na udongo uliouzunguka. Usiikokote shambani, itie kwenye mfuko papo hapo. Miche miwili inayofuata upande wa chini wa maji nayo iondoke hata kama bado imesimama, imeshakunywa. Choma au fukia kwa kina mbali na mfereji. Nasema hivi kwa sababu nimeona huko bondeni watu wanang'oa miche wanatupa kwenye maji ili "iondoke". Inaondoka kweli, inakwenda kwa mwenzako.

Maji ndiyo yaliyokuletea na ndiyo yatakayokumalizia. Acha kumwagilia kwa kufurika mstari hadi mstari. Upande ulio mzima umwagilie peke yake, kwa ndoo au mpira, na maji yanayotoka kwenye sehemu iliyougua yasirudi mfereji mkuu. Chimba shimo yakatitie humo. Anza kazi kwenye wazima, malizia kwa wagonjwa, halafu osha jembe, kisu na viatu kwa jiki uliyochanganya na maji. Machipukizi kwenye upande mzima yavunje kwa mkono mapema asubuhi yakiwa madogo, usipitishe kisu kimoja mche hadi mche. Na acha kupalilia kwa kina karibu na shina, kila mzizi unaokata ni mlango.

Matunda yaliyokomaa kwenye miche iliyokufa yanalika, huyu bakteria hamdhuru mtu. Yauze karibu, na usitoe mbegu humo.

Baada ya hapo kinyungu hicho kisione nyanya, viazi, pilipili, bilinganya wala ngogwe kwa miaka mitatu kwa uchache. Mahindi, vitunguu, kabichi, sawa. Na maotea ya nyanya yasiachwe, maana mtu analima mahindi miaka mitatu huku nyanya zinajiotea katikati anazichuma za mboga. Huyo hajabadilisha zao.

Jirani yako mwenye fusari hadithi yake ni nyingine. Yule kuvu anaacha mbegu zake ngumu kwenye udongo, zinakaa miaka mingi, kwa hiyo kubadilisha zao kunampunguza tu, hakumwondoi. Kwake dawa ni mbegu yenye herufi. Apime udongo pia. Kama una tindikali, aweke chokaa ya kilimo mpaka ufike pH 6.5 au karibu na 7, na kwenye mbolea ya kukuzia atumie CAN badala ya SA. SA inazidisha tindikali, na fusari anaipenda.

---

Mnyalukolo_Ilula

Nimeelewa mzee, asante sana. Miaka mitatu bila nyanya Ilula ni kama kuniambia nihame, lakini sawa. Nasikia kuna watu wanaunganisha nyanya juu ya shina la bilinganya. Ni kweli au ni mambo ya YouTube?

---

BwanaShamba_Mstaafu

Ni kweli. Asia wanafanya sana. Wale wa Kituo cha Mboga Duniani, wenye ofisi yao Arusha, wanapendekeza bilinganya aina ya EG203 iwe shina la chini, kwa sababu inahimili bakteria huyu na inavumilia maji kutuama. Unakata miche yote miwili ikiwa midogo, unaiunganisha kwa kibanio au kimpira, unaiweka kwenye kivuli chenye unyevu mpaka ishikane. Kazi yake ni ya mikono na kitalu kizuri. Ukipanda, lile ungio lisizikwe kwenye udongo, la sivyo nyanya inatoa mizizi yake juu na umerudi ulikotoka. Bilinganya ya kawaida ya sokoni usitumie, nayo inaugua.

---

Dada_Makambako

Kuna kijana hapa Makambako ana kitalu anaanza kujaribu hiyo. Akifanikiwa nitaleta bei ya mche.

---

Mnyalukolo_Ilula

Nitashukuru dada. Jumapili tuna kikao cha mfereji, nakwenda na glasi yangu na kipande cha shina, waone wenyewe, maana kwa maneno watasema nimerogwa. Nitaomba wote wenye miche iliyolala waing'oe wiki moja.

Mzee, la mwisho: ukingoni mwa mfereji kote kumejaa mnavu, na umestawi kweli, hauna dalili yoyote. Akina mama wanachuma kila jioni. Huo nao?

---

BwanaShamba_Mstaafu

Huo hasa. Mnavu ni ndugu wa nyanya, unambeba bakteria kwenye mizizi na wenyewe unaendelea kupendeza, na hapo ulipo mizizi yake inaoshwa na maji ya kila mtu. Ung'olewe wote kandokando ya mfereji. Akina mama wapande wa kwao nyumbani, mbali na bonde.

---

Mzushi_wa_Mafinga

Mkuu kwenye kikao hiyo ya mnavu mwachie mwenyekiti aiseme yeye.